Jiko la Mama na Waya wa Ethi

Jiko lililonifundisha umeme lilifika Tanga juu ya fuso, limefungwa kwa kamba za katani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mama alilinunua Dar es Salaam kwa wafanyabiashara wanaoleta vyombo vilivyotumika kutoka Ulaya. Lilikuwa jiko la Kijerumani lenye pleti nne juu na oveni chini, kioo cha mlango kizima bila hata ufa. Mama alikuwa akioka kwa kuuza: mikate ya mayai, keki za harusi na, Ramadhani inapoelekea ukingoni, vileja vya Idi. Hadi wakati huo alikuwa akioka kwa makaa. Fedha za kununulia lile jiko zilitoka kwenye upatu aliocheza na wanawake wenzake, kwa hiyo lilipoingia ndani liliingia kama mtaji, na siku lilipokataa kuwaka nyumba nzima ilikosa raha.

Halikuja na plagi. Kwa nyuma, chini kidogo, kulikuwa na kisanduku cha plastiki, na ndani yake vituo vitano vya kufungia waya vimepangwa mstari mmoja: L1, L2, L3, N, na mwisho ile alama ya mistari inayofupika kuelekea chini, alama ya ethi. Kijana wa kwanza aliyeitwa kuliunga alitazama, akakuna kichwa, akasema hili ni jiko la viwandani, haliwezi kutumika nyumbani. Mama alibaki ameshika tama. Jirani ndiye aliyetushauri tumwite mzee mmoja wa Ngamiani, fundi aliyestaafu kutoka karakana za reli.

Alikuja na mkoba wa turubai na mita ya mshale. Nilimwamkia, akaitikia, akanikabidhi tochi. "Mulika hapo, binti yangu, na macho yako yafuate mkono wangu." Kuanzia siku hiyo, kila alipoitwa kwetu, mshika tochi nilikuwa mimi, na karibu yote ninayoyajua kuhusu majiko ya umeme niliyapata nikiwa nimechuchumaa ubavuni mwake.

Alitueleza kwamba Ujerumani nyumba nyingi hupelekewa umeme wa fezi tatu, na jiko hugawa mzigo wake kwenye hizo fezi. Lakini kati ya fezi yoyote na nyutro volti ni 230, sawa na za kwetu. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuunganisha L1, L2 na L3 ziwe kitu kimoja, na vipande vya shaba vya kazi hiyo vilikuwemo humo humo ndani ya kisanduku, kijana wa kwanza hakuvitazama. Kisha akapiga hesabu nyuma ya risiti ya duka. Pleti nne na oveni, vyote vikiwaka, ni karibu wati 9,000. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 39. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Ndiyo maana jiko zima la aina hii halichomekwi kwenye soketi, wala kwenye ekstensheni, hata fundi gani akikuambia inawezekana. Mzee alivuta waya wake peke yake kutoka kwenye mein swichi, waya wa milimita za mraba 6, akauwekea breka ya ampea 32 kwa kuwa pleti zote na oveni haviwi kwenye moto mkali kwa wakati mmoja, na ukutani akafunga ile swichi kubwa nyekundu ya jiko.

Kulikuwa na jambo la rangi ambalo sijawahi kulisahau. Katika nyumba yetu, iliyotandazwa waya kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza, waya mwekundu ulikuwa laivu na mweusi ulikuwa nyutro. Ndani ya jiko la Kijerumani waya mweusi ulikuwa laivu na wa buluu ndio nyutro. Mtu aliyezoea rangi za nyumbani kwake angeunga mweusi kwa mweusi bila kufikiri mara mbili. Mzee hakuamini rangi yoyote. Kila waya aliupima, kisha akafunga kitambulisho cha tepu, kisha ndipo akaunga.

Hapo nilidhani kazi imekwisha, kumbe kwake kazi yenyewe ndiyo ilikuwa inaanza. Alitoka nje, akafuata waya wa ethi ukutani hadi unapozama ardhini, akaufukua. Ulikuwa umeliwa na kutu, umebaki unyuzi. Akachimbia fimbo mpya ya shaba nyuma ya bafu, mahali ambapo udongo haukauki, akaleta waya wa kijani wenye mistari ya njano hadi kwenye bati la jiko. Mama, ambaye alikuwa na oda ya keki jioni ile, aliuliza kama hilo haliwezi kusubiri kesho. "Mama," alisema mzee, "bila huu waya, jiko hili mimi siliwashi." Akaendelea kuchimba.

Nimekuja kuona majiko mengi baada ya lile, ya kwangu na ya majirani, Tanga na Dar es Salaam, na nasema kwa uhakika: jiko la umeme la kawaida ni chombo cha wazi. Ndani yake mna swichi, themostati, hita, taa, na waya zinazoviunganisha. Umeme unaingia mahali fulani na unatoka mahali fulani, na chombo kikikataa maana yake njia imekatika au inavuja. Anayefuata njia hiyo kwa mita, kituo hadi kituo, atafika kwenye ubovu. Anayebahatisha atanunua swichi, kisha themostati, kisha hita, na mwishoni atakuta ni skrubu iliyolegea.

Ubovu wa kwanza ulitukuta mwishoni mwa Ramadhani, mwezi ukiwa unasubiriwa. Mama ndiye aliyeugundua kabla ya mita yoyote. Aligeuza kileja, akaona juu kimeshika rangi na chini cheupe. "Moto wa chini haupo," akasema. Alikuwa sahihi. Hita ya juu ilikuwa nyekundu, ya chini imelala baridi. Bibi yangu hakusubiri fundi: alitoa yale majiko ya mkaa yaliyokuwa yamewekwa stoo, akapalia moto juu na chini kama zamani, na vileja vya watu vikatoka usiku ule ule. Mzee alikuja asubuhi yake.

Naomba nieleze polepole alivyofanya, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kwanza hakuridhika na kuzungusha kitufe cha oveni hadi sifuri. Alizima swichi ya ukutani, akaenda kwenye mein swichi akashusha breka ya jiko, akaweka kipande cha tepu juu yake ili mtoto asiipandishe. Kitufe cha jiko huweza kukata waya mmoja tu kati ya miwili, na kama aliyeunga nyumba aligeuza laivu na nyutro, waya unaodhani umekufa uko hai. Pili, alipima mita kwanza kwenye soketi yenye umeme, ikasoma 230. Akapima kwenye vituo vya jiko, ikasoma sifuri. Akarudi tena kwenye soketi, ikasoma 230. Nilimuuliza kwa nini anarudi. Akasema mita nayo inaweza kufa katikati ya kazi, na mita iliyokufa husoma sifuri kila mahali. Bisibisi ya tesita yenye kitaa ndani hakuitegemea kamwe kwa kazi hii, kwa sababu hiyo hiyo: kitaa kikiungua kinakuambia hakuna umeme.

Ndipo akafungua bati la nyuma. Kabla ya kuchomoa waya hata mmoja alinituma mfuko mtupu wa unga, akachora juu yake kila kituo na rangi ya waya wake. Siku hizi simu inapiga picha na kazi ni ya nukta moja, lakini bado nakutana na watu waliochomoa kwanza wakakumbuka picha baadaye.

Hita ya oveni ni bomba jembamba la chuma lililokunjwa. Katikati yake umepita waya wa nikeli na kromiamu, aloi ambayo Mmarekani Albert Marsh alipewa hataza yake mwaka 1906, na uzuri wake ni kwamba ikipata moto mkali hujivika ngozi nyembamba inayoizuia isiungue hewani. Kati ya waya na bomba umeshindiliwa unga mweupe wa oksaidi ya magnesiamu, unaopitisha joto na kuzuia umeme. Hita ya wati 1,200 kwenye volti 230 inapaswa kusoma karibu omu 44 ukiipima ncha hadi ncha. Hesabu yake ni nyepesi: volti mara volti, gawa kwa wati. Ya kwetu haikusoma kitu, mshale ulilala pale pale. Mzee akapitisha kidole kwenye bomba taratibu, akasimama mahali, akanivuta mkono nami niguse. Palikuwa na kivimbe kidogo kama chunusi chenye tundu jeusi. Waya ulikatikia hapo.

Hita mpya ilipatikana Dar es Salaam, Kariakoo, kwenye duka la vipuri vya majiko. Mzee alimwambia Mama asiagize kwa maneno, aipeleke ile mbovu yenyewe. Muuzaji aliilinganisha: urefu, umbali kati ya miguu miwili, upana wa kibati cha kufungia na matundu ya skrubu, na wati zilizochapwa kwenye chuma. Umbo likikubali na wati zikazidi sana, waya na swichi za ndani zitaumia. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya jiko, na nimeona majiko mazima yakiuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu ya kibomba kama hicho.

Pleti za juu zina tabia nyingine. Pleti nzito ya chuma yenye swichi ya hatua 6 huwa na koili tatu ndani, na swichi kazi yake ni kuzipanga. Hatua ya kwanza huzifunga koili zote tatu mfululizo, umeme ukipita moja baada ya nyingine, ndiyo maana moto unakuwa mdogo. Hatua ya mwisho huziweka sambamba, kila moja ikipata volti zake zote. Koili moja ikikatika, moto mdogo unapotea kabisa huku moto mkubwa ukiendelea kuwaka, ingawa kwa unyonge. Watu wengi wakiona hivyo hununua swichi. Pima koili kwanza. Kutu ni habari nyingine ya miji ya pwani: hewa ya chumvi inakula zile pleti. Mama alikuwa akizipangusa kwa kitambaa kikavu na kuzipaka mafuta kidogo sana zingali na uvuguvugu, na hakumwaga maji juu ya pleti yenye moto hata siku moja.

Ubovu uliotusumbua zaidi ulikuja na masika. Jiko likikaa siku kadhaa bila kutumika, kisha Mama akawasha oveni, nyumba nzima inaingia giza. Mzee alikuwa ametufungia kwenye mein swichi ile breka inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi; ikiona tofauti ya miliampea 30 inakata papo hapo. Hita hazikuwa zimekatika, zilisoma omu zake vizuri. Lakini alipopima kati ya ncha ya hita ya juu na bomba lake, mahali ambapo pasingepaswa kupita kitu, mita ilionyesha njia. Ule unga mweupe hunyonya unyevu wa hewa kupitia ncha za bomba, na unyevu ukiingia umeme unaanza kuvuja kuelekea kwenye bati. Tanga wakati wa masika hata chumvi ya mezani inalowa.

Alichomoa hita moja moja hadi akajua ni ipi inayoangusha breka. Kisha tukaipeleka kwa shangazi, aliyekuwa na oveni ya gesi, ikakaa humo kwa moto mdogo alasiri nzima. Iliporudi ikapimwa tena, njia ilikuwa imefungika. Ikafungwa, oveni ikawaka. Ushauri wake baada ya hapo ulikuwa kwamba wakati wa mvua oveni iwashwe mara kwa mara hata kama hakuna cha kuoka, ili hita zisipate nafasi ya kulowa.

Nasisitiza ubovu huu kwa sababu ndio unaoleta dhambi kubwa kuliko zote katika ufundi wa majiko. Nilipohamia Dar es Salaam na kupanga Sinza, dada wa nyumba ya pili alikuwa na jiko lililoangusha breka kwa namna ile ile. Fundi aliyemwita aliliona tatizo kuwa ni breka "inayosumbua". Akafungua kisanduku cha nyuma, akakata waya wa ethi, akaufunika kwa tepu. Breka ikatulia. Alilipwa, akashukuriwa, akaondoka.

Fikiria alichokifanya. Hita iliendelea kuvuja kama mwanzo. Umeme uliokuwa ukipita salama kwenye waya wa kijani hadi ardhini sasa ulikaa kwenye bati la jiko ukisubiri njia nyingine. Breka ilinyamaza kwa sababu hapakuwa na pa kuvujia. Siku chache baadaye yule dada alikuwa akipiga deki, miguu mitupu kwenye vigae vilivyolowa, akashika mpini wa oveni. Njia ikapatikana: mkono wake, kifua chake, miguu yake. Alirushwa akaangukia ndoo. Breka ile ile iliyotukanwa ndiyo iliyokata umeme ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na ndiyo sababu leo ana wajukuu. Nyumba nyingi hazina breka ya aina hiyo kabisa. Humo mambo yangeishia pabaya.

Nilikwenda na mita yangu nikaukuta ule waya umekatwa safi, ncha yake imezungushiwa tepu nyeusi mara nyingi kwa uangalifu. Uangalifu ule bado unanikasirisha. Mtu aliyejua kufunga tepu vizuri namna ile alikuwa na muda wa kutosha kupima hita.

Halafu kuna kuungua kwa viungio, ubovu ambao unautambua kwa pua kabla ya jicho: harufu ya plastiki inayoiva, jiko likiwa kwenye moto mkubwa. Skrubu au kibanio cha waya kikilegea, mahali pale pa kugusana panakuwa pembamba na pazito kupitisha umeme. Hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 8.7. Kiungio kibovu chenye nusu omu tu, kikipitisha ampea hizo, kinazaa joto la karibu wati 38 mahali padogo kuliko ukucha. Ni kama kuacha chuma cha kulehemu cha fundi redio kimewashwa juu ya waya. Plastiki inayeyuka, shaba inakuwa nyeusi, na weusi huo unazidisha ubovu. Kuzungushia tepu hapo ni kuficha kidonda. Dawa ni kukata waya nyuma hadi ufikie shaba inayong'aa, kuweka kibanio kipya na kukibana hasa. Na waya wa kubadilishia usiwe ule wa kutandazia nyumba, ambao plastiki yake imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 hivi. Ndani ya jiko hutumika waya wenye ganda la silikoni au uliofumwa kwa nyuzi za kioo. Ukifika dukani sema ni waya wa ndani ya oveni, muuzaji anayejua kazi yake atakuelewa.

Themostati niliiogopa muda mrefu bila sababu. Ile ya majiko mengi ni bomba dogo la shaba, jembamba kama unyuzi wa gitaa, lenye kimiminika ndani. Ncha yake imebanwa ndani ya oveni. Joto likipanda kimiminika kinatanuka na kusukuma swichi. Lile bomba likivunjika au kukunjwa kwa kona kali, themostati yote imekwisha, hakuna cha kurekebisha. Kwa hiyo unapofungua bati la nyuma, liangalie hilo kwanza usije ukalivuta. Kama unashuku tu kwamba joto halilingani na namba, Mama alikuwa na kipimo chake. Sukari huyeyuka karibu na nyuzi 186. Aliweka kijiko cha sukari kwenye foili, akaseti oveni 180, akasubiri robo saa baada ya kupata moto: sukari ibaki chembechembe. Kisha 190 kwa sukari nyingine: iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 180, oveni yako ina moto kuliko inavyosema, na badala ya kununua themostati unaweza kujua tu kwamba ukitaka 180 useti 170, uandike kwenye karatasi ubandike ukutani.

Mara nyingine jiko halina kosa lolote. Kule Sinza keki zangu za jioni zilikuwa zinakaa, katikati mbichi, ilhali za alfajiri zinaumuka vizuri kwa unga ule ule na mayai yale yale. Nilipima volti saa mbili usiku: 190. Mtaa mzima unapika, unapiga pasi, feni zinazunguka, na transfoma ni ile ile. Watu hudhani kushuka kutoka 230 hadi 190 ni jambo dogo. Lakini nguvu ya hita hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo oveni ya wati 2,000 inabaki na kama wati 1,365. Hakuna kipuri cha kurekebisha hilo. Nilihamishia uokaji wangu alfajiri, na nikapeleka malalamiko ya mtaa pamoja na majirani.

Raba ya mlango niitaje kwa kifupi: bana karatasi kwenye mlango, uvute. Ikitoka bila kukwama, joto linatoka hapo pia, na LUKU yako inalipia joto linalopotea. Raba mpya hufungwa kwa vindoano, bila hata bisibisi.

Na kuna kitu kimoja ambacho aliyefaulu kutengeneza oveni hushawishika kukifungua, nacho ni maikrowevu. Usiifungue. Ndani yake mna kapasita inayobeba volti elfu kadhaa, na huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Mzee wangu, aliyefanya kazi na mitambo ya reli, hakuigusa hata moja.

Nayaandika haya sasa kwa sababu majiko ya umeme yanakuja kwa wingi kuliko wakati wowote niliouona. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034, na mwaka huo huo mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ilianza kuzalisha. Ninafurahi. Nimemwona Mama akikohoa moshi wa makaa miaka mingi. Lakini matangazo yote ninayoyasikia yanahusu kununua, hakuna linalohusu chombo kikiharibika. Anayeuza jiko auze na hita zake, swichi zake na raba zake. Vyuo vya VETA vinavyofundisha vijana kutandaza umeme majumbani viwafundishe pia kufungua jiko na kulipima. Nyumba zinazojengwa leo ziwekewe waya wa jiko na swichi yake tangu mwanzo, badala ya kumwachia mpangaji soketi moja na ekstensheni.

Nawe msomaji, kabla hujafikiria hita wala themostati, anza na hili. Muulize aliyeunga umeme wa nyumba yako fimbo ya ethi iko wapi, uende uione kwa macho yako. Angalia kama mein swichi yako ina ile breka ya miliampea 30, yenye kitufe cha kujaribia. Kibonyeze, na isipokata, ibadilishwe. Ukigusa bati la jiko ukasikia hata mtekenyo mdogo kwenye vidole, zima kwenye mein swichi, usipike juu yake tena, na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Akikuambia dawa ni kukata waya wa kijani, mtoe nje, utafute mwingine.